Banda Kwanza, Reli Baadaye



Somo letu la safari hii linatoka Uingereza, nalo linahusu jambo ambalo baadhi yenu mtalicheka: watu wazima wanaotengeneza magarimoshi madogo ya mfano. Msiharakishe kucheka. Mwaka 1912 shule ya waongoza ishara wa reli mjini Manchester ilijengewa reli ya namna hiyo, ili wafanyakazi wajifunze kazi pasipo kuhatarisha maisha ya mtu. Ilitumika kwa miaka mingi, na leo imo katika makumbusho ya reli mjini York.

Wengi, hata hivyo, huifanya kwa burudani baada ya saa za kazi. Nyumba zao ni ndogo, kwa hiyo reli huhamia katika banda la mbao nyuma ya nyumba, lililokuwa la kuwekea majembe na baiskeli. Hapo ndipo kosa huanza. Mtu ana hamu ya kuona treni ikipita, anatandika reli wiki ile ile, na majira ya baridi yakiisha anakuta mbao zimepinda na injini haisogei. Hulaumu injini, kumbe mwenye kosa ni banda.

Tuone sababu. Kipimo kinachopendwa zaidi Uingereza huitwa OO: futi moja ya kitu cha kweli hufanywa milimeta 4, yaani sehemu moja ya 76. Nafasi kati ya reli mbili ni milimeta 16.5 tu. Basi ubao ukivimba milimeta moja, ni sawa na njia ya treni ya kweli kuinuka zaidi ya sentimeta 7. Muulizeni mfanyakazi yeyote wa genge la reli kama treni ingepita hapo salama.

Adui wa kwanza, kwa hiyo, ni unyevu. Banda liinuliwe juu ya matofali, hewa ipite chini ya sakafu, na pimamaji litumike kila pembe. Kama sakafu ni ya zege, karatasi ya plastiki itandikwe chini kabla ya kumwaga zege, la sivyo maji ya ardhini yatapanda. Siku ya mvua ingia ndani, funga mlango, tafuta mahali mwanga unapopenya; mwanga unapopita na maji hupita. Kuta nazo zijazwe kitu cha kuzuia baridi, kisha zifunikwe plaiwudi kwa ndani. Hewa yenye joto hubeba maji, na ikigusa ukuta wa baridi hugeuka matone, kama yale yaonekanayo kwenye chupa ya soda iliyotoka katika barafu. Ndiyo maana karatasi ya plastiki huwekwa upande wa ndani, wenye joto, na nyuma huachwa upenyo wa hewa.

Wako wanaodhani watakausha banda kwa jiko la mafuta ya taa. Lita moja ya mafuta ikiungua hutoa kiasi cha lita moja ya maji hewani, kwa hiyo jiko hilo linalowesha. Baya zaidi, katika chumba kilichozibwa vizuri moshi wake huweza kuwa na sumu ile ile ya jiko la mkaa, isiyo na harufu, ambayo imeua watu wengi usingizini huku kwetu. Afadhali jiko la umeme. Umeme wenyewe uvutwe na fundi anayejua kazi, kwa waya uliotengenezwa kupita nje, pamoja na kifaa kinachokata umeme mara unapovuja. Treni ndogo hutumia volti 12 tu, lakini transfoma yake hupokea volti 230, na volti hizo hazijui kwamba wewe unacheza.

Sasa tufike kwenye paa, na hapa naomba tusome polepole. Mabanda mengi ya zamani kule yaliezekwa kwa mabamba ya saruji iliyochanganywa na asbesto. Mwenye banda hupanda ngazi, akatoboa bamba ili atundike taa, au akalisugua kwa brashi kavu kuondoa ukungu. Vumbi hilo huingia mapafuni likakaa, na ugonjwa huweza kutokea baada ya miaka 20, 40 au zaidi. Katika mji wa Rochdale, mwanamke mfanyakazi, Nellie Kershaw, aliyesokota nyuzi za asbesto kiwandani, alifariki mwaka 1924 akiwa na umri wa miaka 33. Mwajiri alikataa kulipa fidia, na ugonjwa wake haukuwamo katika orodha ya magonjwa yanayolipiwa. Kanuni za kwanza za kupunguza vumbi viwandani zilitungwa Uingereza mwaka 1931. Asbesto ya bluu na ya kahawia zilipigwa marufuku mwaka 1985, na nyeupe mwaka 1999. Hiyo nyeupe ilichimbwa pia na ndugu zetu wa Zvishavane, Zimbabwe.

Paa la namna hiyo likiwa zima, liachwe kama lilivyo. Dari mpya ishikizwe kwenye kuta, isipigiliwe juu. Likiwa limevunjika, waitwe watu wenye mafunzo na vifaa vya kuliondoa.

Yaliyobaki ni mepesi. Meza ya reli iwe ya plaiwudi juu ya fremu ya mbao; chipbodi hunywa maji ikavimba. Upana usizidi sentimeta 75 kama unaifikia upande mmoja tu, maana treni huanguka mahali mkono usipofika. Mbao zikae bandani wiki kadhaa kabla ya kupigiliwa, zizoee hewa ya humo. Kwenye maungio ya reli acha upenyo: reli ya meta 5, joto likipanda nyuzi 30, hurefuka zaidi ya milimeta 2.

Maswali ya kujadili tawini: Paa la kiwanda au bohari yenu limeezekwa kwa nini, na nani katika uongozi anaweza kuwaonyesha maandishi yake? Mara ya mwisho lilipotobolewa, nani alitumwa, naye alipewa nini cha kujikinga? Vumbi lilifagiliwa na nani?