Dondoo muhimu: Masizi kwenye jenereta ndogo
Jenereta za kuchanganya oili na petroli, zile za vibanda vilivyo mbali na mji wa Garissa, hupoteza nguvu masizi yakiziba njia ya moshi. Usikimbilie kununua kabureta. Zima, acha ipoe, toa plagi, fungua ekzosi. Vuta kamba polepole mpaka pistoni ipande na kufunika tundu la moshi, masizi yasidondokee ndani ya silinda. Kwangua kwa kijiti kikavu. Bisibisi huchubua pistoni, na mchubuko huo ni hasara kubwa. Pangusa kila chembe kabla ya kufunga. Kama kitabu chake kinasema 50 kwa 1, tia mililita 20 za oili kwa lita 1 ya petroli. Oili ikizidi, masizi hurudi upesi.