Bunduki Fupi na Bega la Mashoto

Swali: Msomaji wa Nkololo, wilayani Bariadi, anauliza iwapo mashoto anaweza kuitumia salama bunduki fupi ambayo kasha lake la risasi liko nyuma ya kifyatulio.

Jibu: Muundo huo, uitwao bulipapu, huiweka chemba, yaani chumba ambamo risasi hulipukia, ndani ya kitako, bunduki ikapungua urefu bila mtutu kufupishwa, lakini kwa sababu hiyo hiyo tundu la kutolea maganda hukaa kando ya shavu la mlengaji, na ganda la moto linalorushwa kulia huweza kumpiga usoni anayelenga kwa bega la kushoto. L85 ya Uingereza, ambayo wanajeshi wa nchi hiyo wameitumia mazoezini Nanyuki, Kenya, ni ngumu hasa kwa mashoto, kwa kuwa hata mpini wake wa kukokia huenda nyuma na mbele upande wa kulia kila risasi ifyatuliwapo, hivyo mashoto hufundishwa kulenga kwa bega la kulia, apende asipende. Steyr AUG ya Austria, inayotumiwa pia na jeshi la Oman, ina nafuu: huwekewa boliti ya kushoto, yaani chuma kinachofunga chemba, na kifuniko cha tundu kikahamishwa. Hata hivyo, bunduki iliyogeuzwa haimfai tena mwenzake wa zamu atumiaye mkono wa kulia. Kwa kikosi kinachoazimana silaha, inafaa zaidi inayotupa maganda chini, kama FN P90 ya Ubelgiji.