Somo kwa Mkulima: Msaada wa Janga Humfikia Aliye Kwenye Daftari

Wakaazi wa Mambrui hawajasahau mwaka wa 2020. Kafyu ilianza Machi 27. Aprili 8 ikapigwa marufuku safari za kuingia na kutoka Kilifi, Kwale na Mombasa. Malori ya mizigo yaliruhusiwa, lakini mahoteli ya Malindi yalifungwa, na mkulima wa nyanya na mchicha kandokando ya Mto Sabaki akakosa mnunuzi. Marufuku hiyo iliondolewa hapa Kilifi Juni 7.

Serikali ilitoa nini?

Mei 23, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa kufufua uchumi wa shilingi bilioni 53.7. Kati ya hizo, bilioni 3 zilitengwa kwa pembejeo za wakulima wadogo 200,000 nchini kote, na bilioni 1.5 kwa wakuzaji wa maua, mboga na matunda ya kuuzwa nje.

Ukigawanya bilioni 3 kwa wakulima 200,000, wastani ni shilingi 15,000 kwa kila mmoja. Hata hivyo, hizo hazikuwa pesa za mkononi. Zilipangwa kutolewa kwa vocha ya kielektroniki. Tena Kenya ina mamilioni ya wakulima wadogo, kwa hivyo wengi hawangefikiwa.

Vocha hufanyaje kazi?

1. Mkulima husajiliwa kwa kitambulisho, namba ya simu, ukubwa wa shamba na mazao anayolima.
2. Maafisa huhakiki maelezo hayo.
3. Vocha hutumwa kwa jina lake. Mara nyingi naye huchangia sehemu ya bei.
4. Huenda kwenye duka au ghala lililoidhinishwa, akachukua mbegu au mbolea.

Kwa nini wengine hukosa?

Tuseme mama analima ekari mbili za mahindi na kunde. Shamba limeandikishwa kwa jina la mumewe aliye Mombasa, na namba ya simu ni ya mwanawe. Jembe analishika yeye, lakini ujumbe wa vocha unaingia kwenye simu nyingine. Msimu wa kupanda ukipita, vocha hiyo haimfai tena. Kilichomkosesha ni maelezo ya daftarini tu.

Fanya haya kabla ya mvua

- Nenda kwa chifu au afisa wa kilimo wa wadi, uulize kama umesajiliwa.
- Anayelima ndiye ajiandikishe, kwa kitambulisho chake na laini iliyosajiliwa kwa jina lake.
- Ukibadilisha namba ya simu, shamba au zao, toa taarifa mapema.
- Usajili haulipiwi. Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri.
- Weka risiti. Ukipokea pungufu, ndiyo ushahidi wako.

Somo hili halikuisha na korona. Mbolea ya ruzuku, iliyouzwa shilingi 3,500 kwa mfuko wa kilo 50 mwaka wa 2022 na kushushwa hadi 2,500 mwaka wa 2023, nayo hutolewa kwa wakulima waliosajiliwa. Ukame, mafuriko ya Sabaki au maradhi mengine yakija, serikali itaanza na majina iliyo nayo. Hakikisha lako limo.