SOMO LA KIINGEREZA: NENO "STRIKE" NA MAANA ZAKE



Barua nyingi zinazotufikia kutoka kwa mwajiri, ofisi ya kazi na mahakamani huandikwa kwa Kiingereza. Somo letu la leo ni juu ya kitenzi kimoja ambacho kila mwanachama hudhani anakijua: "strike". Mwulize mfanyakazi yeyote wa shamba la chai au kiwanda cha sukari, atakujibu upesi: kugoma. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni robo tu ya neno. Mwenzetu mmoja alipoteza haki yake kwa sababu mimi, katibu wake wa tawi, nililijua neno hili robo. Habari yake iko mbele kidogo.

1. KUPIGA

Maana ya msingi ni kupiga. Leo husemwa "strike", na kwa jambo lililopita husemwa "struck". Wengi wetu hatutambui kwamba ni neno lile lile.

Ukipewa barua inayosema "You struck the headman", unashitakiwa kumpiga mnyapara. Ukijibu, "Mimi sikugoma," hujajibu shitaka, na mwajiri ataandika kwamba hukukanusha.

Tusione ajabu neno moja kuwa na kazi nyingi. Sisi wenyewe twapiga simu, twapiga pasi, twapiga kura, twapiga magoti, na hakuna anayeumia. Neno linalofuata ndilo linaloleta maana. Kiingereza nacho ni hivyo hivyo: "strike a match" ni kuwasha kiberiti, na "the clock strikes" ni saa kugonga.

2. KUGOMA

Mwaka 1768 mabaharia wa meli za biashara katika bandari ya London walidai mishahara bora. Walishusha matanga ya meli ili zisiweze kuondoka. Kwa Kiingereza kushusha tanga nako ni "strike". Inaelezwa kwamba tangu hapo neno hilo likashika maana ya kuacha kazi kwa pamoja. Kwa hiyo "to go on strike" ni kugoma, na "to strike for higher wages" ni kugoma kudai nyongeza ya mshahara.

Hapa pana jambo la kuangalia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 41, inataja neno "strike" waziwazi kuwa haki ya mfanyakazi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 40, hailitaji. Yenyewe inasema mfanyakazi ana haki ya "withdraw labour", yaani kuondoa nguvu zake kazini, kwa kufuata sheria. Basi meneja akikuambia kwamba katiba ya Uganda haijui mgomo, mwonyeshe ibara hiyo. Jambo ni lile lile kwa maneno mengine. Lakini nawe usisahau yale maneno ya mwisho, "kwa kufuata sheria". Tukiruka hatua za mazungumzo na taarifa, tunampa mwajiri fimbo ya kutuchapia.

3. KUFUTA NA KUONDOA

Maana hii ndiyo yenye hatari zaidi, maana hutujia kwa karatasi.

Kwanza, fomu. "Strike out whichever does not apply" maana yake: piga mstari juu ya maneno yasiyokuhusu. Kwa mfano, fomu ina maneno mawili, "ameacha kazi" na "amefukuzwa". Ukipiga mstari juu ya neno la pili wakati ulifukuzwa, umejiandikia kwa mkono wako kwamba uliacha kazi kwa hiari.

Pili, "struck off". Jina lako limefutwa katika daftari au orodha. Likiandikwa juu ya orodha ya mishahara, usingoje mwisho wa mwezi. Nenda kwa katibu siku hiyo hiyo.

Tatu, "struck out". Haya ni maneno ya mahakamani, na hapa ndipo nilipokosea. Miaka mingi iliyopita mfanyakazi wa kiwanda cha chai alifukuzwa, akafungua kesi. Ikaja karatasi: kesi yake imekuwa "struck out". Nikatazama, nikamwambia, "Ndugu yangu, wameipiga nje. Umeshindwa." Akafunga mizigo yake akarudi kwao. Baadaye wakili aliisoma karatasi ile, akatueleza kwamba hakuna hakimu aliyesema mwenzetu ana makosa. Kesi iliondolewa kwa sababu karatasi zilikuwa na kasoro. Angeweza kuzisahihisha na kufungua upya, lakini muda ulikuwa umekwisha.

Tofauti hiyo si ya jana. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki iliieleza katika rufaa ya chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo cha Tanganyika. Rufaa isiyofuata utaratibu huondolewa tu, yaani "struck out". Neno "dismissed", yaani kutupwa, ni la rufaa iliyofikishwa mahakamani kwa utaratibu wake, ikakataliwa. Aliyeondolewa bado ana mlango, lakini mlango huo una saa. Kwa malalamiko ya kufukuzwa kazi, sheria ya ajira ya Uganda ya mwaka 2006 iliweka miezi 3 ya kufika kwa afisa wa kazi. Kanuni za Tanzania za mwaka 2007 ziliweka siku 30. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 iliweka miaka 3 ya kufungua kesi. Usingoje. Uliza siku ile ile ni siku ngapi zimebaki.

4. KUPATANA

"Strike a bargain" ni kufikia mapatano. Mwajiri akiandika "We have struck a bargain", hazungumzii mgomo. Anasema mmekwisha kukubaliana. Kama hamjakubaliana, mkanusheni kwa barua mara moja, kwa sababu mkinyamaza atasema mlikubali.

KANUNI YA KUSHIKA

Ukikutana na "strike" au "struck", jiulize mambo matatu:
(a) Ni nini kinachopigwa: mtu, jina, kesi au mapatano?
(b) Ni neno gani linalofuata: "on", "off", "out" au "for"?
(c) Karatasi imetoka wapi: kwa mwajiri, ofisi ya kazi au mahakamani?

MAZOEZI

Fanyeni kwa vikundi, wakati wa chakula. Elezeni kwa Kiswahili:
1. The workers struck for three days.
2. His name was struck off the list.
3. The claim is struck out.
4. The union and the company struck a bargain.

Majibu: 1. Wafanyakazi waligoma siku tatu. 2. Jina lake lilifutwa katika orodha. 3. Madai yameondolewa mahakamani, hayajaamuliwa. 4. Chama na kampuni walipatana.

Ndugu, si aibu kutojua Kiingereza. Mimi niliishia shule ya msingi, na kosa langu halikuwa hilo. Kosa langu lilikuwa kujibu kabla ya kuuliza, na aliyelipa ni mwenzangu. Karatasi usiyoielewa usiitie sahihi wala usiikunje mfukoni. Ilete tawini, tuisome pamoja.

Umoja ni nguvu.