SOMO LETU: KANDA ZA REDIO YA TAIFA NI MALI YA MFANYAKAZI



Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya mshahara, nyumba za kambi na usalama kazini. Leo tuzungumze juu ya sauti na picha zilizowekwa na redio na televisheni za umma. Huenda mmoja atauliza: jambo hilo lamhusu nini mkata miwa au mchuma chai? Lamhusu sana. Redio ya taifa iliendeshwa kwa kodi zetu, na yaliyomo katika kanda zake ni habari za maisha yetu.

1. Faida yake ni nini?

Tuchukue mfano. Hapa Uganda, mwaka 1984, serikali iliweka kima cha chini cha mshahara kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Ilipita zaidi ya miaka 30 kiwango hicho hakikubadilishwa, hali bei ya unga na sukari ilipanda mara nyingi mno. Kijana aliyezaliwa baadaye akitaka kujua wakubwa walisema nini siku zile, na wafanyakazi walijibu nini, atamwuliza nani? Wazee wanapungua, na mzee asiye na ushahidi hubishiwa. Taarifa ya habari iliyonaswa siku ile ile ni shahidi mgumu kubishiwa. Ikipotea, anayebaki na nyaraka ni mwajiri peke yake.

2. Kabati la Kampala

Redio ya serikali ilianza Uganda mwaka 1954, na televisheni mwaka 1963. Mwaka 2005 ziliunganishwa kuwa Shirika la Utangazaji la Uganda, UBC.

Mwaka 2015, katika ofisi za shirika hilo, lilikutwa kabati lenye filamu za picha zipatazo 70,000, yaani zile filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwake. Zilipigwa na wapiga picha wa Wizara ya Habari, na nyingi ni za utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979. Watu wengi walidhani zimekwisha potea. Mwaka 2018 UBC, Chuo Kikuu cha Makerere, na vyuo vikuu vya Michigan cha Marekani na Western Australia vilianza kuzinakili katika kompyuta. Mwaka 2019 baadhi zilionyeshwa kwa wananchi katika Makumbusho ya Uganda, Kampala.

Hapa mna mafundisho mawili. La kwanza: waliopiga picha hizo na waliozipanga katika bahasha walikuwa wafanyakazi wa mshahara kama sisi. Kazi ya karani anayeandika tarehe juu ya bahasha ni kazi ya taifa.

La pili: tusitazame kwa jicho moja. Picha hizo zilipigwa kwa ajili ya serikali. Zinaonyesha mikutano, sherehe na wageni wa rais. Waliochukuliwa usiku wasirudi hawakupigiwa picha gizani. Kwa hiyo waandaaji wa maonyesho yale waliwakumbusha watazamaji pia juu ya waliouawa. Kila tuonapo kumbukumbu za umma, tuulize: nani hayumo humu?

3. Kanda hufaje?

Kwanza, hufutwa. Zamani kanda zilikuwa ghali, zikatumiwa tena. BBC ya Uingereza ilifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960 na 1970 kwa njia hiyo. Hata Marekani, shirika la anga NASA lilisema mwaka 2009 kwamba kanda za asili za mtu wa kwanza kutua mwezini mwaka 1969 yamkini zilifutwa ili zitumiwe tena. Basi msidhani ni nchi maskini tu zinazopoteza.

Pili, huoza. Kanda ni utepe wa plastiki uliopakwa vumbi laini lenye chuma, likashikwa kwa gundi. Chumba kikiwa na joto na unyevu, gundi hulegea, utepe hunata, na ukungu huota. Ukiichezesha kanda ya namna hiyo bila fundi, unaiua.

Tatu, mashine huisha. Kanda nzima bila mashine ya kuichezesha ni bubu. Mwaka 2019 UNESCO ilitahadharisha kwamba kufika mwaka 2025 hivi mashine hizo na vipuri vyake vingekuwa adimu mno. Na fundi akistaafu bila kumfundisha kijana, ujuzi unakwenda naye.

Kunakili katika kompyuta ni dawa, lakini si dawa ya siku moja. Kompyuta nayo huharibika. Yafaa nakala ziwe zaidi ya moja, zikae mahali mbalimbali, na zikaguliwe mara kwa mara.

4. Kazi yetu sisi

Tuwaunge mkono wenzetu wa redio na televisheni wanapodai chumba kikavu, mashine na mafunzo. Tudai kwamba kilichonakiliwa kisikilizwe na wananchi, kisifungiwe wala kisiuzwe.

Nasi katika matawi tuanze kwetu. Tunase sauti za wazee waliofanya kazi mashambani na viwandani, kwa idhini yao. Kila tunachonasa kiandikwe jina la msemaji, tarehe, mahali na lugha. Tarehe 27 Oktoba, ambayo UNESCO imeitenga kuwa siku ya dunia ya urithi wa sauti na picha, yafaa kwa mkutano wa tawi wa kusikiliza pamoja.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni mgomo au mapatano gani ya hapa kwetu ambayo hayana kumbukumbu yo yote?
2. Ni wazee gani tuwasikilize kwanza?
3. Nani katika tawi atatunza nakala, na nani atamkagua?

Mali isiyo daftari hupotea bila habari.