Kwa baiskeli hadi msitu wa Amani

Swali: Niko Tanga mjini, nina baiskeli ya gia. Naweza kufika nayo msitu wa Amani?

Jibu: Waweza, ila ipakie kwenye basi hadi Muheza. Lami ya hadi huko haina cha kukuonyesha. Kutoka Muheza endesha, kisha pumzika Zigi, penye stesheni ya zamani ya reli ya Wajerumani, ulipe kiingilio. Hapo ndipo kazi inapoanza: kona juu ya kona, hadi karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Kusukuma si aibu. Kwenye miamba yenye kivuli tafuta ua la zambarau ambalo Ulaya hulipanda vyunguni madirishani. Masika usijaribu, udongo mwekundu unateleza mno. Kabla ya kushuka kagua raba za breki: zikiwa zimelika kukaribia chuma, badilisha.