Kumpima mtoto wa awali Malambo bila kumtungia mtihani

Malambo ni kata ya wafugaji wa Kimaasai wilayani Ngorongoro, na watoto wengi wa darasa la awali huko hukutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza shuleni. Mtaala wa elimu ya awali unataka upimaji endelevu. Mwalimu mgeni, na mzazi uliyemleta mtoto, anzeni na haya.

1. Jua umri wake. Wa miaka mitano na wa miaka saba hawapimwi pamoja. Cheti cha kuzaliwa hakuna? Omba kadi ya kliniki. Kadi nayo imeliwa na mchwa? Muulize mama: alizaliwa kabla au baada ya shule kufungwa kwa ajili ya korona, Machi 2020? Atakumbuka.

2. Pima akili, usipime Kiswahili. Ukiuliza "Hii ni nini?" mtoto akanyamaza, bado hujajua kama kinachomshinda ni kitu chenyewe au jina lake. Muulize kwa Kimaasai. Hukijui? Mwite mzazi, au hata mwanafunzi wa darasa la nne, akutafsirie. Mtoto anayehesabu nabo, are, uni hadi kumi, huku akionyesha kila namba kwa ishara za vidole kama wafanyavyo wakubwa wake, anajua kuhesabu. Basi andika "anahesabu hadi kumi kwa Kimaasai". Ukiandika "hajui namba" umemsingizia, na mwalimu wa darasa la kwanza atakuamini.

3. Mpe kifaa alichokizoea. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Serpell alichapisha utafiti kuhusu watoto wa Lusaka, Zambia, na wa Manchester, Uingereza, waliotakiwa kuiga maumbo. Kwa penseli na karatasi, Waingereza waliongoza. Kwa waya, Wazambia wakawapita, maana wamezoea kujitengenezea magari ya waya. Kwa udongo wakalingana! Kwa hiyo usimhukumu mtu kwa penseli aliyoishika juzi. Mpe udongo afinyange ng'ombe, kisha tazama: kaweka pembe? Nundu? Kiwele? Mpe kokoto azipange kwa rangi na ukubwa.

4. Macho na masikio kwanza. Kabla hujasema mtoto ni mzito wa kuelewa, simama nyuma yake umwite kwa sauti ya chini. Macho mekundu yenye tongotongo ni ya kupelekwa zahanati. Ugonjwa wa macho wa trakoma umezisumbua sana jamii za wafugaji.

5. Mtazame akicheza. Nani anapanga zamu, nani anakaa pembeni kila siku? Andika palepale, jioni utasahau.

6. Mlinganishe na yeye mwenyewe. Tia kazi zake kwenye bahasha yenye jina na tarehe: ya Februari, ya Juni. Familia ikihama na mifugo wakati wa kiangazi, akirudi mwanzie pale alipoachia.

7. Taarifa itolewe kwa mdomo. Karatasi ya alama haimsaidii mama asiyesoma. Mkaribishe, "Karibu, yeyo" (yaani mama), umfungulie bahasha, umuulize pia kazi anazomtuma mtoto nyumbani. Anayetoka na wanakondoo akarudi nao wote ana umakini ambao huenda darasani hujauona. Mama akitaka kujua mwanawe amekuwa wa ngapi, mjibu waziwazi kwamba darasa la awali halina wa kwanza wala wa mwisho.